Kwaya Juu ya Gitaa

Koti la mitumba likitoka tu kwenye robota hunuka dawa ya nondo na maisha ya mtu usiyemjua. Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Kiandutu, Thika, katikati ya miaka ya tisini, siku kaka yangu Kanyi aliponunua koti la baridi sokoni akakuta kanda ya muziki mfukoni. Kwenye jalada walisimama wazungu watano wenye nywele ndefu, wamechafuka kama watu waliotoka kulima. Mimi leo nina ghorofa za kupangisha Kamakis, kule Ruiru, na shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo msitarajie niwaeleze muziki kwa maneno ya chuo. Lakini masikio ninayo, na kwa masikio nawashinda wengi waliosoma.

Kanyi alikuwa ameachishwa kazi katika kiwanda cha nguo. Tangu hapo alikaa kitandani akitazama mabati, haongei, na mama yetu, mjane, alimsogezea chakula kama anayelisha mgonjwa. Kanda ile ndiyo iliyomwinua. Upande wake wa pili wote ulikuwa wimbo mmoja. Wimbo mmoja, upande mzima! Tulidhani redio imeharibika. Gitaa lilianza polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, kinanda kikaingia, halafu mpiga ngoma akabadilisha mwendo ghafla, akaurudisha, akaubadilisha tena, kama lori la mawe linalopanda mlima na dereva hana subira. Kila mmoja alishika njia yake na bado hakuna aliyepotea. "Sikiza hapa," Kanyi aliniambia, kidole juu. "Sasa wanagombana. Ngoja... umesikia? Wamepatana." Mwezi mzima hakuwa amesema maneno mengi hivyo. Mawe ya redio, zile betri, yakiisha nguvu tuliyaanika juani, yakapata uhai kidogo, tukaendelea. Alipindua mtungi wa plastiki, akatwaa vijiko viwili, akawa anamfuata yule mpiga ngoma. Akamkosa, akacheka, akaanza tena. Jirani yetu Mama Wambui aligonga ukuta. "Kanyi, unatengeneza sufuria huko?" "Ndiyo, leta yako!" Mama alisimama mlangoni, unga mikononi. Sijui kama alifurahi au aliogopa.

Siku hizo kila mahali ilikuwa ni habari za waabudu shetani, na gitaa lolote lenye kelele lilishukiwa. Mama Wambui, ambaye ndiye aliyeongoza maombi kanisani kwetu, aliingia Jumapili moja akalishika lile jalada kwa ncha za vidole. "Ngai! Mama Kanyi, hawa ni watu wa kukaribisha kwa nyumba? Kijana amepoteza kazi, sasa unataka apoteze na roho?"

"Lakini siku hizi anacheka," mama akasema.

"Na shetani hachekeshi?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama alituambia jioni hiyo. Kuichoma kanda hakuweza, maana kitu kizima hakichomwi na mtu aliyelala njaa. Aliziba kwa karatasi vile vitundu vya juu ya kanda vinavyozuia kurekodi, akabeba redio hadi mazoezi ya kwaya, akarekodi nyimbo za injili juu ya wale wazungu, upande ule ule. Alirudi akimeta usoni. "Shika, mwanangu. Sasa iko safi. Hata sauti yangu imo."

Kanyi aliisikiza kwaya yote. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Tulimsikia mama akiimba, makofi, mtu akikohoa, kisha mchungaji akisema amina. Kimya. Halafu mpiga ngoma akaruka kutoka chini ya ile kwaya, na gitaa, na wote, katikati ya ugomvi wao: dakika chache za mwisho ambazo mazoezi hayakuzifikia. Kanyi akashika vijiko. Hakupiga. Kupatana kwao kulikuja, lakini tulikuwa hatujasikia walichogombania, na bila hicho ilikuwa kelele tu. Akavirudisha vijiko kwenye vyombo. Wiki iliyofuata alihamia Ruiru kufanya kazi katika machimbo ya mawe, na mama akapiga magoti kushukuru kwamba maombi yamejibiwa.

Mama alikufa akiamini alimwokoa mwanawe, nami sikumwambia vingine. Kanyi bado yuko Ruiru. Hakuoa, hakugombana na mtu, hajawahi kugusa chombo chochote cha muziki. Anaishi katika ploti yangu, kwenye mojawapo ya zile ghorofa, kodi simdai. Mwaka jana kijana wangu alisoma jina kwenye lile jalada, ambalo nililitunza, akaipata albamu nzima kwa simu. Watoto wangu wana muziki wa dunia yote mfukoni, na sijawahi kuwaona wakimaliza wimbo. Sisi tulikuwa na upande mmoja wa kanda, na ulitosha kumtoa mtu kitandani. Nikanunua spika kubwa kuliko zote dukani, nikampelekea kaka yangu wimbo wake, tangu mwanzo. Mimi, mwanaume niliyejijenga kwa mikono mitupu, nilichuchumaa kando ya spika nikimtazama usoni. Yeye alisikiza kwa adabu, kikombe cha chai mapajani, jinsi tunavyosikiza hotuba ya mgeni rasmi.

"Wanapiga vizuri," akasema. "Ni akina nani hawa?"

"Ni wale wetu, Kanyi."

"Aa." Akanywa chai. Mpiga ngoma alipoanza kubadilisha mwendo, nikaongeza sauti. Kanyi akatazama dirishani. "Punguza kidogo," akaniambia kwa upole, "majirani watasema."

Ploti nzima ni yangu. Hakuna jirani pale anayeweza kunisemesha. Nikapunguza.