Koili ya Sita

Tuulikki Hyvärinen alikuwa na miaka hamsini na saba, na thelathini kati ya hiyo aliitumia kwa kazi moja: kukadiria umeme utakaokitosha kichakataji kabla bodi yake haijaundwa. Miaka mitatu nyuma alikosea. Tangu hapo kila hesabu yake ilipitiwa na mtu mwingine, kama ya mwanafunzi. Mwezi huu tu ndipo bosi wao Eero, ambaye angeweza kuwa mwanawe, alipomruhusu kutia saini peke yake.

Hapa Oulu, kaskazini mwa Finland, watu wa kazi hiyo huogopa baridi. Vifaa vyao hukaa juu ya minara ya simu, na barafu ikishika nani apande? Kwa hiyo kila bodi mpya ya mfano Tuulikki aliifukia kwenye theluji ya roshani, kutwa nzima. Hii nayo ilifaulu. Kichakataji kilikula ampia mia na sitini, na kikiamshwa ghafla kiliruka hadi mia na tisini. Aliweka koili tano, nyaya zilizoviringwa za kukilisha umeme, kila moja ikitoa ampia arobaini. Mia mbili, basi inatosha. Saa sita mchana michoro ingetumwa kiwandani, na ikishatumwa ni bodi elfu mbili, hairudi.

Saa tatu, kwenye kahawa, Eero alisema huku akimega mkate wa iliki, "Wa kwanza kupokea ni Sevilla, kule Hispania kwenye joto. Wanafunga juu ya mapaa."

Tuulikki akaacha kutafuna. "Sevilla? Tangu lini?"

"Si imeandikwa kwenye oda?"

"Mimi nilisoma ukurasa wa baridi."

Jorma, fundi wa vipimo, akaangua kicheko. "Huko theluji utawapelekea kwa posta!"

Tuulikki hakucheka. Akilini aliliona sanduku la chuma lenye bodi, limefungwa, juani. Ndani joto la nyuzi sabini. Na tanuri la majaribio lilikuwa na timu nyingine mpaka Ijumaa. Akabeba bodi, nyaya na mashine ya kupimia, akapanda ghorofa ya juu, akawasha sauna ya wafanyakazi, chumba cha kuogea joto la mawe ya moto.

Jorma alimfuata, taulo begani. "Na mawe je, niyamwagie maji kidogo?"

"Iguse hiyo kata uone."

Nyuzi arobaini. Akakilaza kichakataji, akakiamsha. Mstari wa volti ukainama, ukainuka. Hamsini, vilevile. Sitini, ukainama zaidi na kuchelewa kuinuka. Jasho lilimwingia machoni, asilifute. Sitini na nane, akakiamsha tena. Mstari ukazama, na kichakataji kikazimika.

"Labda waya umelegea," Jorma alisema.

Waya haukulegea. Akarudia mara mbili, na mara mbili kikazimika. Kwenye joto lile koili moja ilitoa thelathini na nne tu. Mara tano, mia na sabini, na kikiamka kinataka mia na tisini.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na tano. Jorma akashusha sauti. "Sikia, dada. Mimi sijaona kitu. Ya sauna huwa hayatoki sauna. Karatasi ya theluji unayo, tia saini ukale."

Mlango ukafunguka, Eero akaingia na sweta lake la sufu, miwani ikajaa ukungu palepale.

"Mama, kiwanda kinasubiri saini yako."

"Usitume. Zinatakiwa koili sita. Ziko tano."

"Nani kaweka tano?"

"Mimi."

"Nimewaahidi wale watu! Niwaambie nini?"

"Waambie wiki tatu."

Eero aliinama juu ya bodi, jasho likimdondoka kidevuni. "Amsha nione."

Akaamsha, kikazimika. Eero akavua sweta, akaketi kwenye benchi, akakipigia kiwanda simu. Alipokata, hakumtazama Tuulikki.

"Hiyo ya sita nitaikagua mwenyewe. Na hesabu zako zote zitakazofuata."

"Sawa," alisema Tuulikki. Akachomoa nyaya moja moja, zilikuwa zinaunguza vidole, akashuka kwenda kutafuta pa kuipachika koili kwenye bodi isiyokuwa na nafasi.