Gitaa Letu la Tumbo, Kutoka Bunju Hadi Kiwangwa

Asubuhi hiyo umeme ulikatika Bunju, nikakaa mlangoni pa chumba nilichopanga na kupiga gitaa bila spika. Wapigaji wengi ninaowajua wana magitaa ya ubao mtupu, ambayo umeme ukikatika hulia kama mbu. Langu lina tumbo wazi. Uso wake umetuna kidogo katikati, na kila upande wa nyuzi kuna tundu refu lililojikunja. Si la thamani. Limetoka kiwandani China, rangi yake ni ya sukari iliyoungua, na ukilisogeza karibu na spika linaunguruma lenyewe bila kuguswa. Lakini ukilipiga kavu, sauti yake unaisikia kifuani kwanza, masikioni baadaye.

Nilifika katikati ya wimbo, nikajikuta nimelinyanyua gitaa kumpa mtu. Ubavuni kwangu hapakuwa na mtu.

Niseme tangu mwanzo kwamba gitaa hili si langu peke yangu. Tulilinunua wawili, mimi na Shomari, tukiwa vibarua Kariakoo. Kila mmoja kivyake hakuliweza. Na kwa kuwa lilikuwa moja, tulijifunza kulipiga wawili: mmoja anashika nyuzi, mwenzake anakaa ubavuni na kugonga mgongo wa gitaa kwa vidole, kama anapiga ngoma ndogo. Katikati ya wimbo tunabadilishana. Gitaa linahamia pajani kwa mwenzako, vidole vyako vinahamia mgongoni mwa gitaa, na mpigo haukatiki. Harusini watu walikuwa wakiacha kula wakatutazama. Kisha mama yake Shomari akaugua, naye akarudi kwao kumuuguza. Akaniambia, "Kaa nalo wewe. Mimi huko nitakuwa na kazi nyingine." Tangu siku hiyo ninapiga nusu ya kila wimbo.

Nililitia gitaa kwenye mfuko wake wa kanga, nikafunga mlango, nikaenda barabarani. Kondakta akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia, "Mbele."

Zinga. Nilishuka kwa sababu nilisikia harufu ya vitumbua. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita: pua na masikio ndiyo hunichagulia kituo. Mama aliyekuwa akigeuza vitumbua aliutazama mfuko wangu kwa muda.

"Umebeba mtoto wa nani?"

"Gitaa, mama."

"Hebu." Akachungulia tundu moja. "Mbona halina kitu ndani?"

"Ndiyo linavyotakiwa kuwa."

"Haya. Sasa unalipeleka wapi?"

"Sijui. Natembea tu."

Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Mtu anatembea tu na mikono mitupu, baba. Wewe umebeba mzigo mkubwa kuliko mgongo wako, halafu unaniambia unatembea tu?"

Nilikula vitumbua vyangu. Nilipomaliza nilikuwa nimeshajua ninakokwenda. Nikapanda bodaboda hadi Bagamoyo mjini.

Bagamoyo. Shomari alikuwa akisema "kwetu Bagamoyo", nami nilidhani ni mji huu. Niliuliza barabara nzima ya majengo ya mawe, na akina Shomari niliopelekwa kwao walikuwa wengi, ila wangu hakuwamo. Mwisho nikamkumbuka Chande, fundi wa vitanda, ambaye zamani alikuwa akitubebea spika kwenye harusi. Nilimkuta akipiga randa ubao.

"Ala! Mnyamwezi!" akapiga kelele. "Mmechelewa bwana, pembe za ndovu tulishauza zote!"

"Sikuleta pembe. Nimekuja kuwahesabu Wakwere kama mpo wote."

"Tupo, na tunakula vizuri kuliko nyinyi wapagazi."

Huo ni utani wa kabila, na kwetu ni kitu cha kweli kabisa. Babu zetu Wanyamwezi walifika hapa na misafara, na tangu hapo sisi na watu wa pwani hii ni watani: tunatukanana bila kukasirikiana, na kwenye shida tuna kazi za kufanyiana.

Nilipolitoa gitaa, daraja lake lilikuwa limehama. Daraja ni kile kijiti kinachobeba nyuzi. Kwenye gitaa la aina hii halikugundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na bodaboda ilikuwa imelitikisa. Chande alilisukuma kwa kidole gumba polepole, mimi nikisikiliza, mpaka nikamwambia, "Hapo."

"Kitu chenyewe hakina hata msumari," alisema. "Kimekaa kwa kuvutwa tu."

Nikamuuliza habari za Shomari.

"Shomari wa mama Zainabu? Huyo si wa mjini. Wakwere wote wa wilaya hii wakifika Dar husema kwao Bagamoyo. Yuko Kiwangwa, analima mananasi." Akaokota randa yake. "Nenda. Itakuwa vizuri ukienda."

Nilidhani ananiharakisha kwa sababu ya jua.

Njia ya Kiwangwa. Nilipata lifti kwenye pikapu iliyokuwa imeshusha mananasi mjini, nikakaa nyuma na matenga matupu. Bahari ilibaki nyuma, mikorosho ikaanza, kisha mashamba ya mananasi yenye majani makali. Njia nzima nilikuwa nikifikiri jinsi ya kulitoa gitaa mbele yake. Nilifikiri pia kwamba huenda akasema, "Vizuri, umeniletea," akalichukua, nikarudi Bunju mikono mitupu. Hata hivyo sikugonga bodi ili dereva asimame.

Kiwangwa. Nilielekezwa nyumba, nikaiendea nikitabasamu, gitaa mgongoni, hadi nilipoona turubai, mikeka, na wanaume wenye kofia wameketi bila kusema. Mama yake Shomari, mama Zainabu, alikuwa amezikwa jana yake. Nami nimesimama uwanjani kama niliyeitwa kutumbuiza.

Mwanamke mmoja mtu mzima, mkanda wa kanga kiunoni, alinijia mbio. Baadaye nilijua kuwa ni shangazi yake Shomari, Bi Mwanaisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kijana, harusi si hapa."

"Nisameheni. Sikujua. Nimemfuata Shomari, ni mwenzangu."

"Mwenzake wa wapi? Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Alirudi nyuma hatua moja, akashika kiuno. "Jamani, njooni muone! Mtani kaja msibani na ngoma! Watu wa bara hamna haya!" Wanawake jikoni wakaangua kicheko, wengine huku wakifuta machozi, na hata mikekani kofia mbili tatu zikatikisika. Akanivua gitaa. "Hili nimelikamata. Utalikomboa kwa kuni."

Nikapasua kuni. Nikachota maji. Nikakalishwa kwenye mbuzi kukuna nazi katikati ya akina mama, wakisema ninakuna kama ninayemkwaruza punda. Nikawaambia chakula chao kinafaa punda hasa. Ndiyo kazi ya mtani: wafiwa wanalia, na mtu wa kuwachekesha lazima awepo. Shomari nilimwona mara moja, mbali, katikati ya wazee. Alinitazama, akainamisha kichwa.

Baada ya alasiri watu walipopungua, Bi Mwanaisha alinipeleka kwenye chumba cha uani. Kulikuwa na kitanda cha kamba, na mananasi yamepangwa ukutani. "Utalala hapa, mtani. Usiyale." Gitaa lilikuwa juu ya kitanda. Alikuwa amelifunika kanga safi.

Shomari akaja. Tukapeana mikono, nikampa pole. Aliketi, akafunua kanga.

"Mama alikuwa akiuliza, 'Lile lenye tumbo liko wapi?' Namwambia liko mjini, linafanya kazi."

"Halikufanya kazi kubwa," nikasema. "Lilikuwa likisubiri."

Alilipakata. Nikaona vidole vyake vinakaa mahali pake bila kutafuta. Lakini mpaka arobaini ipite hapapigwi muziki katika nyumba ile, wala mimi nisingethubutu kuomba, mtani au si mtani. Alililaza kifudifudi, nyuzi zikabanwa na kanzu yake. Akagusa mgongo wa gitaa kwa ncha za vidole, mpigo wetu wa zamani, kwa upole hata sauti haikufika mlangoni.

"Hapo unakosea," nikamnong'oneza.

"Najua. Hapo ni pako."

Alipofika katikati aliacha, akaliinua kwa mikono miwili, akanipa. Nikalipokea. Kisha nikalitundika kwenye msumari juu ya mananasi, naye hakuuliza litakaa mpaka lini.

Nje Bi Mwanaisha aliita kwamba mtani ni mvivu na kuni zimekwisha. Nimelala kwenye nyumba nyingi za watu, na katika zote jambo nililojifunza kwanza ni njia ya kutokea. Jioni ile nilimuuliza Shomari shoka linakaa wapi.