Vilima vya Chaza

Harufu ya tope la mtoni, lile jeusi la mikoko maji yakishakupwa, wengine huizibia pua. Mimi husimama. Hata kama nina haraka naisahau, maana papo hapo nakuwa mtoto tena, barakoa imeloa pumzi yangu, na Mama ananitangulia katika msitu wa Granville kama mtu anayetembea usingizini.

Ulikuwa mwaka ule Sydney ilipofungwa, na sisi wa upande wa magharibi tukafungiwa kuliko wengine. Helikopta zilizunguka juu ya mapaa mchana kutwa. Baba aliendesha lori la makontena bandarini Port Botany. Mwenzake kazini alipopatikana na korona, Baba naye akatengwa mbali nasi. Mama, aliyehudumia wazee kwenye makao yao, akaambiwa akae nyumbani kwanza. Tukabaki wawili kwenye fleti, tukiruhusiwa saa moja tu kwa siku ya kwenda kunyoosha viungo.

Saa hiyo tuliipeleka msituni. Si msitu mkubwa. Ukitulia unasikia treni. Lakini asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, na magome ya mikaratusi yalining'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Pale mto unapopinda palikuwa na vilima viwili vifupi vilivyoota nyasi. Mvua ilikuwa imevila ubavuni, na ndani yake yakaonekana makombe ya chaza, meupe, yamelaliana tabaka juu ya tabaka. Nyuma yake mwamba ulisimama kama ukuta. Nikaamua kwamba hapo palikuwa ngome ya kale. Nikaiwekea mfalme, nikaiwekea walinzi wasiolala, nikampa kila mmoja jina. Nilimsimulia Mama yote hayo kwa Kiingereza, naye akanijibu kwa Kiswahili, maana ndivyo tulivyozoea kuongea. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliona makaburi.

Siku hizo Mama alikuwa amebadilika. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, aliitia chumvi mara mbili, kesho yake akasahau kabisa. Simu alizipokelea bafuni huku amefungulia maji. Nilidhani anagombana na Baba, nikala sombe yangu bila kulalamika, na kwangu huo ulikuwa msaada mkubwa.

Kisha asubuhi moja alijifunga kitenge kizuri, akachukua ndagala za kukaanga, dagaa wa kwao, ndani ya karatasi, tukaenda. Tulipofika kwenye vilima, akaanza kuokota mawe na kuyapanga juu ya kile kidogo. Nilifurahi mno. Niliona hatimaye amekubali kujenga ngome nami, nikawa namletea mawe mbiombio.

Sauti ikatuomba tuache. Alikuwa mama mtu mzima, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile, na mbwa mnene aliyehema kando yake. Hakufoka. Alitueleza kwa Kiingereza kwamba mahali pale ni pa watu wake. Hapakuwa na mfalme; vizazi na vizazi vilikaa hapo kula chaza, kabla mji haujawa mji, na makombe waliyoyaacha ndiyo yaliyokuwa vilima. Tena katika sehemu kama hizo, alisema, wengine wao wamezikwa, kwa hiyo mawe yake hayachezewi.

Nilimtafsiria Mama. Akayashusha mawe taratibu, akirudisha kila moja pale alipoliokota. Alipomaliza, aliniambia nimwombee ruhusa ya kukaa pale kidogo. Yule mama akauliza kuna nini. Mama akanitazama mimi.

"Umuambie mama yangu alikufa," alisema. "Jana walimuzika kule Uvira. Sikuweza kwenda. Natafuta mahali pa kumulilia."

Mama yake Mama alikuwa Koko. Koko wangu, aliyenichekesha kwenye simu kila Jumapili, aliyeapa kwamba atanitambua kwa pua hata nikija kwao nimezeeka. Maneno ya Mama nikayasema kwa Kiingereza, yote, kwa mpangilio wake, hadi lile la kulia.

Yule mama alikaa juu ya gogo, mbali nasi kama sheria ilivyotaka.

"Mwambie akae," alisema. "Nitakaa naye."

Mama akakaa kwenye nyasi, akamlilia mama yake kwa lugha ya kwao, ambayo mimi sikuijua. Mimi nilijilaza mapajani mwake. Baadaye akaifungua karatasi, akaweka ndagala kadhaa juu ya jiwe, akarudi nyuma. Yule mama akaja, akazichukua, akala polepole. Saa yetu ilikuwa imekwisha kitambo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilikuwa mkalimani tu, kama nilivyokuwa benki na kwa daktari, Kiingereza cha fomu kilipomshinda. Nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelewa. Mama alishinda na wazee kazini, na habari za kufiwa alikuwa akizisikia na kuzitoa kwa Kiingereza siku zote. Hakuhitaji mtu wa kumsemea kwamba mama yake amekufa. Alichoshindwa ni kuniambia mimi. Akayaelekeza maneno kwa mgeni, ili njiani yapitie kwangu.