Mama wa Dawati la Kujitolea

Mama wa dawati la kujitolea, pale maktaba ya mji wa Thunder Bay, Kanada, hamuulizi mtu anayekuja kutafutiwa kazi ya kujitolea ana ujuzi gani. Huegemeza viwiko mezani, humsogezea mgeni bakuli la karanga, kisha kwa sauti ya chini, kama anayeomba siri, huuliza, "Jana jioni ulifanya nini?" Orville, dereva mstaafu wa treni aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameshajaribu kupanga nguo za msaada kanisani, zikamchosha siku ya kwanza. Akajibu kwa aibu, "Niligombana na televisheni. Yule mtangazaji wa hoki hajui kitu." Vidole vya mama vikatulia juu ya karanga. "Kwani angesemaje?" Orville akaanza kumwonyesha, na sauti ikampanda mpaka wasomaji wakageuka. Mama hakumnyamazisha. Alimwacha mpaka goli likaingia, ndipo akainua simu, akapigia makao ya wazee. "Wale wazee wenu wasioona bado wanalalamikia mechi za Jumamosi? Nimewapatia mtu."

Jumamosi hiyo, kwenye makao hayo, Orville aliketi kando ya televisheni iliyozimwa sauti, na mzee mmoja kipofu akamwonya, "Kijana, usiruke hata tukio moja." Hakuruka. Mama alipita kuchungulia tu, koti mwilini, akajikuta ameketi. Orville aliponyamaza kumeza chai, akamsikia mama nyuma yake: "Baba, usitukatie utamu. Wamefunga au hawajafunga?" Akageuka. Televisheni ilikuwa mbele yao waziwazi, na mama alikuwa amefumba macho.