Mama Hodi na mlango uliomshinda

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anamrudisha nje kijana wa mwaka wa tatu wa uhandisi kwa mara ya nne.

"Umeingia kama unafukuzwa," anamwambia. "Bisha hodi, taja jina, sema shida yako, halafu nyamaza usikilize."

Chuoni wanamwita Mama Hodi, wala haoni ubaya. Ni mwaka wa kumi na moja sasa anafundisha stadi za mawasiliano kazini, somo lisilo na mtihani, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Viti vyenyewe bado vipo, vimerundikwa ukutani. Ana wanafunzi mia na arobaini kila muhula, na analipwa kwa saa. Chuo kikifungwa, hana kitu.

"Alama wanazo, za kuringia kabisa," anasema akijikanda magoti. "Lakini mwambie mmoja ampigie simu meneja wa kiwanda aombe nafasi ya mafunzo, anatokwa jasho. Atakuuliza kama hawezi kutuma ujumbe tu."

Sasa somo lenyewe liko mashakani. Ijumaa wakuu wanapanga ratiba mpya, na kipindi chake kimo kwenye orodha ya vitakavyofutwa. Akitaka kukitetea, lazima amwone mkuu wa kitivo kabla ya hapo. Mara tatu amefika kwenye mlango ule, na mara tatu ameishia kusoma matangazo ya ukutani, kisha akashuka ngazi.

Hili halifichi. "Nimechoka, mwanangu," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nafundisha watu kuomba, ikifika zamu yangu ulimi unakuwa mzito."

Mara ya tano kijana anaingia vizuri. Mama Hodi anamuuliza shida yake.

"Nimesikia somo linafutwa, Mama. Umeshamwona mkuu?"

"Bado."

"Basi, samahani sana, naomba utoke nje ubishe."

Darasa linacheka chinichini. Mama Hodi hacheki. Anatoka, anafunga mlango, na hodi yake ya kwanza haisikiki kabisa.

"Rudia, Mama," anasema kijana kwa adabu, ameshakaa kwenye kiti cha mwalimu.

Ya tatu ndiyo inakubalika. Anataja jina lake, miaka yake, na anachotaka: kipindi kibaki, na kihamishiwe chumba chenye dirisha. Kisha ananyamaza, kama anavyofundisha. Kijana anainuka, anamrudishia kiti chake.

Kesho saa tatu, Mama Hodi anasema, atapanda tena zile ngazi. Hajidanganyi kwamba atasikilizwa.

"Anaweza kukataa," anasema huku akikusanya daftari zake. "Lakini safari hii nataka nikataliwe nikiwa ndani, nimekaa kwenye kiti."