Gauni la Alhamisi

Binti yangu alikuwa amebakiza muhula mmoja tu kumaliza ukunga kule Mbale, na hapo ndipo alipoposwa. Kijana ni wa Nabuyonga, huko huko Mbale, anauza vipuri vya pikipiki, anaswali, sikumwona na neno. Alisema mwenyewe mbele ya wazee, "Mama, ada ya muhula wa mwisho nitalipa mimi, tukishaoana." Nikamwambia asante mwanangu, lakini ada hiyo nimeshaiweka.

Na kweli nilikuwa nimeiweka. Mimi nadarizi mashuka hapa Bugembe, karibu na Jinja, hiyo ndiyo kazi iliyolea watoto tangu baba yao arudi kwa Mola. Kila shuka likiuzwa, kidogo kinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kikiingia hakitoki. Mimi niliolewa nikiwa darasa la saba. Waliniambia nitarudi shule baada ya harusi. Hakuna aliyenidanganya, walisema kwa moyo safi, ila mtoto wa kwanza akaja, na wa pili akaja, na shule ikanisahau. Kusoma vizuri nimesoma ukubwani, masomo ya jioni, nimekaa kwenye dawati la watoto magoti yakitafuta kidevu. Kwa hiyo nilijua. Ada akilipa mume, siku mume akisema ngoja kwanza, binti atangoja. Ada nikilipa mimi, hakuna wa kumwambia ngoja. Na bila ada kulipwa siku ya kufungua, mtihani wa mwisho hafanyi.

Nikaweka nia: harusi itakula vyote, kopo haitaligusa.

Shangazi wa kijana, sisi huku tunamwita senga, ndiye aliyesimamia mambo ya upande wao. Akanipigia simu asubuhi moja nikiwa na sindano mdomoni.

"Hajati, umeamkaje?"

Sijafika Makka bado, lakini mama wa Kiislamu akifika umri wangu wanamwita Hajati tu. Nikajibu nimeamka salama.

"Sasa bibi harusi wetu atatoka mara ngapi?"

"Kutoka kwenda wapi?"

Akacheka. "Hajati, usinichezee. Kutoka mbele ya watu. Kila mara na nguo mpya. Kwanza gomesi, halafu gauni jeupe, halafu ile ya Kihindi ya kukata keki, halafu ya kuaga. Mtoto wa jirani yetu alitoka mara tano."

"Na alirudi mara ngapi?"

"Alirudi kufanya nini?"

"Kupumzika, maskini."

Akaniambia tayari kuna msichana wa kupaka uso anayetoka Kampala na watu wake watatu, na watu hao wanakula na wanalala. Nikamwambia, "Senga, binti yangu atatoka mara mbili. Mara moja na gauni jeupe la kukodi, mara moja na gurbaba niliyodarizi kwa mkono wangu. Uso atapakwa na dada yangu. Watu wa Kampala waache walale kwao."

"Watu watasema."

"Watasema hata akitoka mara kumi. Watasema alichelewesha chakula."

Gurbaba ni ile nguo yetu Wanubi ya kujifunga, tunaidarizi maua kwa uzi wa rangi. Babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudani wakabaki, na nguo ikabaki nao. Hiyo haikunigharimu ila uzi na macho. Gauni jeupe ndilo lililonitembeza. Nilizunguka Jinja mjini mpaka viatu vikalalamika, bei zote za kukuzimisha, mpaka nikaingia duka la mama mmoja Mhindi. Ni mtu mzima, amevaa sweta juu ya sari, amekaa karibu na meza ndogo ya miungu yake, vijiti vya udi vinafuka kuanzia anapofungua mpaka anapofunga.

"Hii Jumamosi bei yake juu," akaniambia. "Kila mtu nataka Jumamosi. Harusi yako siku gani?"

"Alhamisi ikiwaje?"

Akaniangalia vizuri. "Alhamisi gauni nalala tu bure. Alhamisi nakupa nusu."

Nikampigia sheikh pale pale dukani, nikamuuliza kama nikah ya Alhamisi ina ubaya. Akasema ubaya gani, ni siku nzuri, watu hufunga sunna. Basi harusi yetu ikahamia Alhamisi. Wengi wa Mbale wasioweza kuacha kazi hawatakuja, na sahani zao sitazigharamia.

Shida ilikuwa amana. Mama wa duka haachii gauni bila kuwekewa bei yake nzima, na ukilirudisha zima anakurudishia yote. Mimi sikuwa na pesa kama hiyo popote ila ndani ya kopo. Nilikaa nalo usiku mmoja na swala zake. Mwisho nikasema, si kutumia, ni kuihamisha tu kutoka kopo langu kwenda droo yake. Jumatano nachukua, Ijumaa narudisha, Jumatatu chuo kinafungua. Jumamosi kuna bibi harusi mwingine ameshalilipia, kwa hiyo kuchelewa hakuna.

Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Mafubira wiki nzima kabla, na gunia la kuni zake na chungu. Urembo wa bibi harusi kwetu hauuzwi saluni. Ni dukhan. Makaa yanawekwa kwenye chungu, juu yake vipande vya mti wa harufu na sandali, bibi harusi anakaa juu ya kigoda, anazungushiwa blanketi mpaka shingoni, anafukizwa mpaka jasho limtoke kama amekimbia. Halafu anasuguliwa kwa unga uliokandwa na karafuu. Siku baada ya siku ngozi inakuwa laini, inang'aa, inanukia, na harufu ile haitoki kwa sabuni, inatoka baada ya miezi. Binti akamlalamikia mama yake mkubwa, "Khalti, nitageuka samaki wa kubanika." Dada akamwambia, "Samaki mbichi hanunuliwi haraka. Kaa."

Jumatano alasiri nikaleta gauni, nikalitundika chumbani likiwa kwenye mfuko wake wa nailoni, nikaenda sokoni kutafuta nyama. Niliporudi nikakuta mfuko umekunjwa vizuri juu ya kitanda, na gauni limetandazwa juu ya tenga kubwa lililofunikwa kwenye chungu cha moshi. Moshi unatoka kwenye kola. Dada amekaa pembeni anapepea taratibu, uso umejaa furaha.

"Dada," nikasema, "unafanya nini?"

"Nguo zake zote nimefukiza. Nikaliona hili, linanuka plastiki na makwapa ya watu. Hata kama la kukodi, lisiingie kwenye nyumba ya watu kama yatima."

"Dada, hilo si letu."

"Kesho ni letu."

"Na Ijumaa?"

Akaligeukia gauni. Alijua amana imetoka wapi, maana nilimwambia mimi. Mkono wa kupepea ukasimama. Hakukosa adabu dada yangu, alifanya vile kila dada wa mama anafanya kwetu. Nguo ya bibi harusi isiyofukizwa ni aibu kwa waliomlea. Ni mimi sikuwaza kumwambia. Nani angewaza? Tulilitoa nje, tukalitundika kwenye upepo. Asubuhi lilikuwa linanukia kuliko jioni.

Alhamisi nikah ikafungwa. Mahari ilikuwa Msahafu na cherehani, na binti akasikia haki yake ikitajwa. Alipotoka na gauni lile watu wakasimama kumwona. Senga akaja kumkumbatia, akabaki pale shingoni kwake muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

"Hajati," akaninong'oneza, "hii ni pafyumu gani? Ya Dubai?"

Dada yangu akamsikia. "Ya Mafubira," akasema.

Kabla ya kuondoka senga alikuwa ameshamuuliza dada kama mtu mzima naye anaweza kukaa juu ya kigoda. Mara tano na mara mbili hazikutajwa tena. Ningefurahi sana, ila kila mtu aliposifu ile harufu mimi nilihesabu saa za kufika Ijumaa. Niliona droo ya mama Mhindi, na ada ya mtoto wangu ndani yake.

Ijumaa mapema nikafika dukani kabla hajamaliza kufungua. Ningeweza kumpa mfuko na kunyamaza. Lakini mtu anayesujudu hawezi kumuuzia mwenzake kitu kilichofichwa. Nikamwambia, "Mama, gauni zima, halijachanika. Lakini lina moshi. Nusa."

Akainua kola, akanusa. Akanusa tena kwapani. "Hapana kitu."

"Nusa vizuri."

"Dada, nanusa. Hapana kitu."

Ndipo nikaona vijiti vya udi vinafuka nyuma ya kichwa chake. Pua ya mama yule imekaa kwenye moshi miaka yote, na yangu imekaa kwenye dukhan wiki nzima. Tulikuwa wawili tusiosikia harufu.

"Tuite mtu mwingine," nikasema.

"Wewe nataka nikate pesa yako?" akaniuliza, kama anamwongelesha mgonjwa.

"Sitaki ukate. Nataka bibi harusi wa kesho asikulaumu, halafu wewe ukanilaani mimi."

Akamwita askari wa mlangoni, mzee mmoja mwenye koti la kijani. "Afande, kuja. Nusa hii." Afande akashangaa, akaangalia huku na huku kama kuna anayemcheka, akaleta pua kwenye gauni.

"Nasikia jiko la mama wangu," akasema. "Akipika uji."

Mama wa duka akakaa chini. Bibi harusi wa kesho ni mlokole, akasema, akisikia udi atadhani ni mambo ya mashetani. Dobi wa nguo kama hizi yuko Kampala, hawezi kurudisha leo. Akaanza kuhesabu kwa vidole atakata kiasi gani, na kila kidole nilikiona kinatoka kwenye mtihani wa binti yangu.

Nikamwambia, "Usikate. Nipe beseni."

"Hii si shuka, dada. Hii shanga."

"Mama, mikono hii inashona shanga. Itashindwaje kuziosha? Nipe beseni, nipe siki. Nikiharibu, chukua yote."

Nikajua nimeiweka ada nzima rehani. Lakini neno lilikuwa limetoka.

Tulikwenda uani nyuma ya duka. Maji baridi na siki, bila kusugua, unazamisha na kuinua, unazamisha na kuinua, kama unamwogesha mtoto wa siku saba. Yeye alishika mabega ya gauni, mimi nilishika pindo. Afande aliitwa.

"Sasa nasikia achari," akasema.

Tukamwaga, tukasuuza, tukasuuza tena. Wakati wa swala ulipofika, mama yule alinitandikia kitambaa kipya kwenye stoo, kati ya masanduku ya viatu, akanionyesha dirisha lililoelekea kaskazini. Niliporudi nikakuta ametoa vijiti vyake vyote vya udi ameviweka barazani nje, vinafukiza barabara. "Leo Mungu yangu nakaa nje kidogo," akasema. "Gauni nakauka kwanza." Tukalitundika mbele ya feni. Hatukuongea sana. Aliniuliza binti anasomea nini. Nikamwambia ukunga. Akasema mkunga aliyemzalisha yeye alikuwa wa hapa hapa, na alikuwa mkali.

Jioni afande akanusa kola, akanusa makwapa, akanusa pindo. Alikuwa ameshaizoea kazi.

"Sisikii kitu," akasema. "Ni nguo tu."

Amana niliipokea yote. Jumatatu ikaenda benki na namba ya chuo ya binti yangu juu ya karatasi, na nilisubiri mpaka muhuri ukapigwa.

Wiki ile akanipigia kutoka Mbale, ametoka darasani. Analala kwa mumewe Nabuyonga, asubuhi anavaa sare anakwenda. Nikamuuliza kama wamemwambia chochote kuhusu ada. Akasema hapana, jina lake limesomwa pamoja na ya wengine.

"Ila mwalimu alisimamisha somo," akasema. "Aliuliza ni nani anachoma kuni humu ndani."

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyoosha mkono, Mama. Nikamwambia ni mimi."