Gololi ya Baiskeli

Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yana harufu yake. Si makali kama petroli; yana utamu wa mbali, na yakiungua yananuka kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni. Rangi yake ni nyekundu, nyekundu ya kumtisha asiyeyajua. Juzi, baada ya arobaini ya Baba, nilifungua sanduku lake la vifaa, harufu ile ikanipanda, nikajiona nina miaka kumi, nimekaa bandani kwetu Kanyenye na fimbo ya kufukuzia kuku.

Nianze na gari lenyewe. Lilikuwa la jirani yetu Mzee Khalfani, mfanyabiashara wa asali: gari refu la kizamani, rangi ya maziwa, alilolinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Siku moja akitoka Sikonge giaboksi iliungua njiani, pale barabara inapokatwa na njia ya zamani ya misafara. Watu wanapaita Matuo, kwa sababu wapagazi walikuwa wanatua mizigo hapo, na waliofia safarini walifukiwa hapo hapo chini ya marundo ya mawe. Mzee alishuka, akakaa juu ya jiwe kusubiri msaada. Msaada ulipofika ulimkuta amekaa vilevile, kofia kichwani, ameshafariki.

Eda ilipokwisha, mjane wake, Bi Zuhura, alikuja kwa Baba.

"Fundi," alisema, "mume wangu alitoka na gari hili, hakurudi nalo. Nataka liende mpaka pale alipokaa, kisha lirudi nyumbani. Sitalala vizuri mpaka nimemrudisha."

Giaboksi ya mwanzo ilikuwa na gia tatu tu, na ndani ilikuwa majivu. Baba akaagiza nyingine kwa wauza spea wa Dar, ikaja kwa treni imefungwa kwenye gunia. Hii ilikuwa na gia ya nne, ile ambayo gari likishakolea mwendo inaiacha injini ipumzike. Mlio unashuka, gari linateleza tu. Lakini nayo ilikuwa imechoka, hivyo Baba akaifungua yote. Aliongeza sahani za klachi, akaweka bendi, ule mkanda wa chuma unaobana gia, pana kuliko ya kiwandani, akabadilisha kila mpira.

Kitabu cha giaboksi ile hakuwa nacho. Kitabu chake kilikuwa shuka jeupe. Alilitandika chini bandani, na kila kifaa alichotoa alikilaza juu yake kwa mpangilio, kikielekea kule kilikotoka, na ole wako uliruke. Mafuta mekundu yakawa yanasambaa kwenye shuka taratibu. Mama alipita akasimama akasema, "Mume wangu, hilo shuka nitaliota." Alicheka, ila hakupita tena upande ule.

Kazi yangu ilikuwa kuzuia kuku. Pembeni mwa shuka kulikuwa na gololi saba ndogo za chuma, ambazo ndani ya giaboksi huziba na kuzibua vijia vya mafuta. Mchana mmoja usingizi ulinichukua. Nilipofumbua macho, kuku mwekundu alikuwa ameinua shingo anamalizia kumeza, na gololi zilikuwa sita.

Jamani, niliogopa. Nikakimbilia baiskeli mbovu ya kaka yangu, nikachokonoa gurudumu, nikapata gololi yenye doa la kutu, iliyopungua ukubwa kidogo mno. Nikaiweka mahali pake. Baba alihesabu saba, akafunga giaboksi.

Alhamisi baada ya alasiri tukaondoka. Nilichukuliwa kwa kuwa isingependeza Bi Zuhura aonekane peke yake garini na mume wa mtu. Baba aliendesha, Bi Zuhura alikaa mbele, mimi nyuma na pakiti yangu ya karanga. Greda lilikuwa limepita, barabara imenyooka. Gia ya nne ikaingia, mlio ukashuka, na kukawa na kimya ambacho sijawahi kukipenda: miti inakimbia, sisi kama hatuendi.

Tulipofika Matuo injini ilipiga kelele ghafla. Gari likashtuka, likawa zito, kama limepandwa na mtu. Baba alitazama dashibodi, hakuona kitu. Bi Zuhura wala hakushangaa. Aligeuka taratibu, akatazama kiti kilichokuwa kitupu ubavuni kwangu.

"Karibu, Baba Asha," alisema, kama alivyozoea kumwita mumewe.

Tukageuza, tukarudi nyumbani salama, naye akalia kwa furaha njia nzima. Tangu hapo ikawa kila Alhamisi, na kila Alhamisi gari lilishtuka pale pale. Mimi nilijibana mlangoni, magoti kifuani, nisimguse nisiyemwona. Baba alikosa raha. Alikuwa fundi wa kujisifu, na sasa gari lake lilikuwa na jambo asilolijua.

Ikafika Idi. Kuku mwekundu alichinjwa, na Mama alipopasua firigisi akaita, "Fundi, njoo uone, kuku wako kala spea." Gololi ilikuwa imesuguka mpaka inang'aa. Baba aliigeuza kiganjani, kisha akanitazama. Alinitazama tu, nikasema yote.

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza: gololi ndogo haizibi sawasawa. Mafuta yakiwa ya baridi ni mazito, yanavumilia. Yakipata moto yanakuwa mepesi, yanavuja, gia ya nne inaachia. Kutoka kwa Bi Zuhura, kwa mwendo ule ule, saa ile ile, mafuta yanapata moto Matuo. Tungeanzia Kaliua, gari lingeshtukia kwingine. Wiki ile nililala vizuri.

Akarudisha gololi halisi. Alhamisi iliyofuata tulipita Matuo kimya, tukateleza. Bi Zuhura aligeuza shingo, akayatazama yale mawe mpaka yakapotea.

"Leo hakupanda," alisema.

Baba alimweleza ukweli, kuku na baiskeli na yote. Alisikiliza, akashukuru kwa adabu. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwetu.

"Fundi, irudishe ile ya baiskeli."

"Bi Zuhura, gia itaungua."

"Na iungue."

Niliona aibu hata nikajificha nyuma ya Mama. Baba alichukua shuka lake, akaingia bandani, akafunga mlango. Mimi nilikatazwa kusogea.

Alhamisi, Matuo, injini ikapiga kelele, gari likashtuka. "Karibu, Baba Asha," alisema Bi Zuhura, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesamehewa. Nikasikia kiti kimebonyea upande wa pili. Karanga zangu zikaserereka kuelekea kule. Nikajiambia ni ule mshtuko.

Tulikwenda hivyo miaka, hadi Bi Zuhura naye alipofariki. Giaboksi haikuungua hata siku moja.

Sasa, juzi, chini kabisa ya sanduku la Baba nilikuta kiberiti, na ndani yake gololi ndogo yenye doa la kutu. Nikampelekea Mama.

"Hakuirudisha," Mama alisema. "Alishindwa kuharibu kazi kwa makusudi. Siku ile alikaa humo bandani anakunywa chai. Alikuwa anakanyaga mafuta ghafla kwa mguu, mkifika pale, gia inajishusha."

Nililia, nisiwafiche. Mtu yule aliyejivunia mikono yake kuliko kitu chochote, miaka yote aliacha watu waseme gari la Fundi linashtuka, ili mjane amkaribishe mumewe. Utotoni nilidhani amekubali kushindwa. Leo najua ile ilikuwa huruma, na laiti ningemwambia.

Ila nikiwa peke yangu na kiberiti kile mkononi, narudi kwenye kiti cha nyuma. Mguu wa Baba ulitosha kushusha gia. Lakini kiti kilibonyea, na karanga zangu sijui zilikuwa zinamfuata nani.